Jinsi ya kusoma hali ya hewa ya moto kwenye eneo lenu: mwongozo kwa vikosi vya zimamoto vya kujitolea vijijini

Nianze na jambo moja ambalo natamani kila anayejitolea kuzima moto kijijini aliweke kichwani. Utabiri unaousikia asubuhi umetengenezwa kwa eneo kubwa, pengine wilaya nzima au zaidi, lakini moto mtakaoitiwa saa 8 mchana utakuwa kwenye bonde moja, kwenye mteremko mmoja, kwenye nyasi za shamba moja, na pale hali inaweza kuwa tofauti kabisa na mlichosikia. Sisemi utabiri ni mbaya, hapana, utabiri ni muhimu mno na ntauelezea hapo chini, ila kipande cha mwisho cha kazi hiyo ni chenu nyie mnaoishi hapo, nyie mnaojua upepo unapita wapi na nyasi zinakauka lini. Na hiki kitu hakihitaji digrii, kinahitaji vifaa vichache, daftari, na mtu anayekubali kupima kila siku hata siku ambazo hakuna moto.

Hatua ya 1: jua eneo lenu kabla msimu wa kiangazi haujaanza

Chukueni ramani, hata ya kuchora kwa mkono, mzunguke eneo lote mkiwa na utulivu. Andikeni miteremko inaangalia upande gani, manake mteremko unaopigwa na jua la mchana unakauka mapema kuliko ule wa upande wa pili, na moto ukiwa kwenye mteremko mkavu unapanda juu kwa kasi ya kutisha. Kuna kanuni ya kukadiria ambayo wazimamoto wameitumia miaka mingi: kila mteremko unapoongezeka nyuzi 10, kasi ya moto unaopanda inakuwa kama mara mbili. Yaani mteremko wa nyuzi 20 unaweza kukupa moto wenye kasi mara nne ya ule wa tambarare, upepo ukiwa ni ule ule. Andikeni pia makorongo na mapengo kati ya vilima, kwa sababu upepo ukibanwa pale unaongeza kasi kama maji kwenye mfereji mwembamba, na moshi na miali vinapita humo humo. Mtu asije akaegesha gari kwenye korongo.

Halafu waulizeni wazee na wakulima. Hawa ndio stesheni ya hali ya hewa iliyokaa miaka 50 sehemu moja, watakwambia upepo wa mchana huwa unaanza saa ngapi, unatokea wapi, na moto wa zamani ulikimbilia upande gani. Andika yote.

Hatua ya 2: vifaa na namna ya kuvitumia bila kujidanganya

Mnahitaji kupima vitu vinne: joto, unyevu wa hewa, upepo na mvua. Basi. Kama kikosi kina uwezo wa kununua kile kifaa kidogo cha mkononi cha betri kinachopima vyote hivyo kasoro mvua, sawa kabisa, kama hakina uwezo kuna njia ya zamani ambayo inafanya kazi vizuri tu.

Njia ya zamani ni vipimajoto viwili vilivyofungwa kwenye ubao mmoja wenye mshikio wa kuzungusha. Kimoja kikavu, kingine kimevishwa kitambaa cha pamba kilicholoweshwa maji. Ukizungusha, maji ya kwenye kitambaa yanakauka yakienda na joto, kwa hiyo kile chenye kitambaa kinashuka, na hewa ikiwa kavu zaidi kinashuka zaidi. Tofauti ya vile viwili unaipeleka kwenye jedwali na unapata asilimia ya unyevu. Mfano kikavu kikisoma 30 na chenye kitambaa kikisoma 17, unyevu ni kama asilimia 25. Tumieni jedwali la mwinuko wenu kutoka usawa wa bahari, manake majibu yanabadilika kidogo ukiwa juu.

Sasa namna ya kuzungusha ndio watu wengi wanakosea. Simama kivulini, geukia upepo unakotoka, usisimame karibu na gari wala injini, na kamwe usipimie juu ya ardhi iliyoungua au karibu na moto, hapo unapima moto wenyewe sio hewa inayoulisha. Zungusha kama dakika moja, soma haraka kile chenye kitambaa kwanza, zungusha tena, soma tena, endelea hivyo mpaka kiache kushuka. Hiyo namba ya chini kabisa ndio yako. Kitambaa kiwe safi na maji yawe safi, maji yaliyochujwa madini ndio mazuri. Hili nalisisitiza kwa sababu kosa lake ni la hatari: kitambaa kichafu au kilichokauka kinafanya kipimajoto kisishuke vya kutosha, jedwali linakwambia hewa ina unyevu mwingi kuliko ukweli, na wewe unawaambia wenzako hali ni nafuu kumbe sio.

Kile cha betri nacho kina kosa lake. Ukikitoa kwenye gari lililopigwa na jua kinasoma joto la gari, kiache dakika kadhaa kivulini kwenye hewa kabla hujaandika chochote. Na mara moja moja kilinganisheni na kile cha kuzungusha, kikipishana sana mjue kihisio chake kimechoka.

Upepo upime sehemu ya wazi, mbali na majengo na miti, kwa dakika 2 angalau, uandike wastani na uandike pia mkupuo mkubwa kabisa uliouona, yaani pale upepo unapovuma ghafla kwa nguvu kisha ukapungua, kwa sababu miali inaruka kwa mikupuo haisubiri wastani. Kama hamna kifaa tumieni macho, ile skeli ambayo Francis Beaufort aliiandika mwaka 1805 kwa ajili ya meli ina toleo la nchi kavu na ni rahisi kukariri: majani yanachakarika na unahisi upepo usoni, hiyo ni kilomita 6 hadi 11 kwa saa, majani na vijiti vidogo havitulii kabisa ni 12 hadi 19, vumbi na karatasi zinainuka na matawi madogo yanacheza ni 20 hadi 28, miti midogo yenye majani inayumba yote ni 29 hadi 38, matawi makubwa yanayumba na nyaya zinapiga mluzi ni 39 hadi 49. Hiyo ya mwisho ikifika na nyasi ni kavu, mtu yeyote asiwashe hata kijiti.

Jambo moja la kujua hapa. Utabiri unatoa upepo wa mita 10 juu ya ardhi sehemu ya wazi, huko ndiko vituo vya hali ya hewa vinapimia. Wewe unapima usawa wa macho, na chini ya miti upepo ni mdogo zaidi. Kwa hiyo ukipata namba ndogo kuliko ya utabiri usifurahi ukasema walikosea, moto ukishapata urefu utakutana na ule upepo wa juu.

Mvua pimeni saa ile ile kila asubuhi, kwenye chombo kilichowekwa wazi, mwandike hata kama ni sifuri. Zile sifuri zikifuatana ndio zinakueleza ukame unavyojijenga.

Hatua ya 3: elewa unyevu wa hewa, huu ndio moyo wa mambo

Kila mtu anaogopa joto lakini mimi nikiambiwa nichague namba moja tu ya kuangalia kabla ya kutoka, kwa siku isiyo na upepo mkali, nitachagua unyevu. Unyevu tunaousema hapa ni asilimia ya mvuke uliopo hewani ukilinganisha na ule ambao hewa ingeweza kubeba kwa joto lile. Hewa ikipata joto uwezo wake wa kubeba mvuke unapanda, kwa hiyo hata kama mvuke haujapungua hata tone, asilimia inashuka. Kanuni ya kukariri ni kwamba joto likipanda kama nyuzi 11 unyevu unakatika nusu. Asubuhi una nyuzi 14 na unyevu asilimia 80, umande umejaa, kila mtu anaona salama. Ikifika nyuzi 25 uko kwenye 40. Ikifika 36 uko kama 20 hivi. Hakuna kilichobadilika zaidi ya jua kupanda, ila zile nyasi zilizokuwa zinalowesha viatu asubuhi sasa hivi zinashika kwa cheche moja.

Na hapo ndio tunakuja kwenye vitu vinavyoungua, kwa sababu hewa haiungui, kinachoungua ni nyasi na vijiti na magogo, na kila kimoja kinasikia hewa kwa mwendo wake. Nyasi kavu, majani makavu na vijiti vyembamba chini ya nusu sentimita hivi vinafuata unyevu wa hewa ndani ya saa moja au zaidi kidogo. Vijiti hadi sentimita 2.5 vinachukua kama saa 10. Matawi ya hadi sentimita 7 na nusu hivi yanachukua saa 100, siku 4 na kitu. Magogo makubwa kuliko hapo saa 1000, yaani wiki 6. Ukielewa hii utaelewa kwa nini mvua ya jana haikulindi leo kwenye nyasi: mvua ikanyesha usiku, kukapambazuka jua kali na upepo, kufika mchana nyasi zimeshasahau kabisa. Ila mvua hiyo hiyo haikuingia kwenye magogo yaliyokaa miezi mitatu bila kunyeshewa, kwa hiyo moto ukifika pale utakaa siku kadhaa ukifuka moshi na nyie mtakuwa mnarudi kila siku.

Nyasi zenyewe ziangalieni kwa rangi. Zikiwa bado za kijani zina maji mwilini na moto unapata shida kutembea, kadiri sehemu ya njano inavyoongezeka ndivyo inavyokuwa mbaya, na zikishakauka zote kuanzia kwenye shina mambo yamebadilika kabisa. Kila wiki pita sehemu zile zile tano au sita, kadiria ni sehemu gani kati ya kumi imekauka, andika. Vunja shina moja mkononi: likipinda bila kukatika bado lina maji, likikatika kwa mlio limekwisha. Baridi kali ya usiku nayo inaua nyasi na kuzikausha ghafla, sehemu zinazopata sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri kwenye majani, zisisahau hili.

Hatua ya 4: soma utabiri wa asubuhi kama mtu wa moto, sio kama mtu wa mwavuli

Watu wakisikia utabiri wanasikiliza mvua tu na joto la juu. Nyie tafuteni hivi: unyevu wa chini kabisa utakuwa asilimia ngapi na saa ngapi, upepo utatoka wapi na mikupuo yake, je kuna mabadiliko ya upepo na yanatarajiwa saa ngapi, je kuna radi, na hewa ya juu imetulia au ina fujo. Ukikosa yote, usikose lile la mabadiliko ya upepo. Ntarudi hapo.

Kumbukeni upepo unaitwa kwa kule unakotoka. Sisi hili halitakiwi kutusumbua, kaskazi inatoka kaskazini na kusi inatoka kusini, lakini kwenye redio watu wakiwa na presha utasikia mtu anasema "upepo wa magharibi" akimaanisha unaelekea magharibi, na hapo mnaweza kupeleka gari sehemu ambayo sio kabisa. Kubalianeni kusema neno zima kila mara, "unatoka magharibi".

Nchi nyingi zina viwango rasmi vya hatari ya moto vinavyotangazwa kila siku. Wakanada wana mfumo wao unaochukua vipimo vya saa 6 mchana, joto, unyevu, upepo na mvua ya saa 24, wanatengeneza namba ya siku nzima na nchi nyingine zimeuazima. Australia tangu Septemba 2022 wanatumia ngazi nne nchi nzima, ya juu kabisa inaitwa ya maafa. Kama nchi yenu ina mfumo, ufuateni. Kama hauna, kuna kipimo cha haraka ambacho wazimamoto wengi wanakijua, cha 30 tatu: joto juu ya nyuzi 30, unyevu chini ya asilimia 30, upepo juu ya kilomita 30 kwa saa. Zikikutana zote tatu, moto mdogo unaweza kuwa mkubwa kabla hamjafunga hosi. Ila msiichukue kama ukuta, kwamba 29 ni salama na 31 ni hatari. Nyasi kavu zenye upepo zinakimbia hata siku ya baridi. Daftari lenu la misimu miwili mitatu litawapa namba zenu wenyewe, na hizo ndio namba nzuri kuliko zote.

Wekeni basi ngazi zenu tatu na mkubaliane mapema kila ngazi inamaanisha nini kwa vitendo. Siku ya kawaida kila mtu yuko kwenye shughuli zake simu iko wazi. Siku ya tahadhari gari limejazwa maji, watu wanajulikana nani yuko karibu, vibali vya kuchoma mabaki ya shamba vinasimama. Siku mbaya watu wachache wanakaa kituoni kabisa kuanzia saa 5 asubuhi mpaka jioni na kuna mtu juu kilimani anaangalia moshi. Mkishaandika hivi hamtabishana asubuhi ya siku yenyewe.

Hatua ya 5: angalia angani na kwenye moshi

Dalili ya mvua ni mawingu, ndivyo tulivyoambiwa tangu utotoni, na upepo nao una dalili zake. Asubuhi ukiona moshi wa majikoni umelala bondeni kama shuka, haupandi, ujue kuna hewa ya joto imekaa juu ya hewa baridi kama mfuniko wa sufuria. Moto chini ya mfuniko huo unakuwa mpole, moshi mwingi, miali mifupi, na hapo ndipo watu wanalegea. Jua likishapasha ardhi vya kutosha, mara nyingi kati ya saa 4 na saa 6 mchana, mfuniko unavunjika, na ukivunjika mambo yote yanakuja pamoja, joto linapanda, unyevu unashuka, upepo wa juu unashuka chini, moshi unasimama wima. Moto uliokuwa umelala unaamka ndani ya dakika chache. Kwa hiyo mkiwa mnazima asubuhi chini ya shuka la moshi, ulizeni mapema: huu mfuniko ukivunjika sisi tutakuwa wapi?

Kisulisuli cha vumbi kikianza kuzunguka mashambani, mawingu yanayopanda juu kama minara, mikupuo isiyo na mpangilio, moshi unaonyooka juu sana, hizo zote ni dalili kwamba hewa haijatulia na moto utakuwa na nguvu kuliko namba zinavyosema. Mawingu laini yenye umbo la dengu yaliyosimama juu ya milima bila kusogea yanakwambia huko juu kuna upepo mkali, na unaweza kushuka. Upepo unaoshuka kutoka milimani unapata joto kama nyuzi 10 kwa kila mita 1000 za kushuka na unafika chini ukiwa mkavu mno, hata usiku, hata kwenye msimu wa baridi.

Kwenye vilima vya kawaida siku tulivu mchana upepo unapanda mteremko, usiku unashuka. Kuna saa ya kubadilishana pale jioni ambapo hewa inatulia kabisa kisha inageuka, na moto uliokuwa unapanda unaweza kuanza kuteremka kuelekea kwenye magari yenu. Na msidhani usiku kila mahali kunapoa, katikati ya mteremko huwa pana mkanda unaobaki na joto wakati bondeni kuna baridi, moto unaendelea kuungua pale usiku kucha.

Hatua ya 6: mabadiliko ya upepo, hapa naomba usome taratibu

Moto kwenye upepo unaotoka upande mmoja unakuwa na umbo refu jembamba. Kichwa mbele, kifupi, kikali. Mbavu mbili ndefu pembeni, hizi hazina nguvu sana, na ndipo tunapofundishwa kufanya kazi, kuanzia nyuma tukienda mbele. Sasa upepo ukigeuka nyuzi 90, ule ubavu mzima unakuwa kichwa. Kama moto umeshakimbia kilomita 5, una kichwa kipya cha karibu kilomita 5, na watu wenu wako mbele yake kabisa, mahali ambapo dakika mbili zilizopita palikuwa sehemu nafuu.

Hivi ndivyo ilivyotokea Linton, jimbo la Victoria, Australia, tarehe 2 Desemba 1998. Wazimamoto watano wa kujitolea walikuwa kwenye gari lao pembeni mwa moto, upepo ukageuka, moto ukawafikia, wote watano wakafa. Walikuwa watu kama nyie, wenye kazi nyingine na familia. Jimbo hilo hilo tarehe 7 Februari 2009 watu 173 walipoteza maisha, na mgeuko wa upepo wa jioni ulifanya mbavu ndefu za moto kuwa vichwa vipya. Yarnell Hill, Arizona, Marekani, tarehe 30 Juni 2013, walikufa wazimamoto 19 wa kikosi kimoja, na huko kilichogeuza upepo ni hewa iliyomwagika kutoka kwenye mvua ya radi.

Migeuko mikubwa ni ya aina mbili. Ya kwanza ni ile inayokuja na hewa baridi inayosukuma hewa ya joto, kwenye latitudo za kati, yaani nchi zilizo kati ya tropiki na ncha za dunia, na hii utabiri unaijua masaa mengi kabla. Kusini mwa ikweta upepo kawaida unatoka kaskazini magharibi halafu unarukia kusini magharibi, upande wa kaskazini wa dunia unatoka kusini magharibi unarukia kaskazini magharibi. Kabla ya mgeuko ndio joto na ukavu vinakuwa vibaya zaidi na upepo unazidi, halafu unageuka kwa dakika chache na mikupuo mikali. Ya pili ni ya mvua ya radi. Wingu likianza kumwaga, hewa baridi inaanguka na kusambaa chini pande zote, na inaweza kukufikia wakati wingu lenyewe liko kilomita nyingi na kwako jua linawaka. Ukiona mapazia ya mvua yananing'inia chini ya wingu lakini hayafiki ardhini, kuwa makini sana, ile mvua inakauka njiani inaipoza hewa na hewa inaporomoka kwa nguvu. Radi pimeni kwa masikio: hesabu sekunde kutoka mwako hadi mngurumo, gawanya kwa 3, unapata kilomita.

Sasa mnafanyaje. Kwanza saa ya mgeuko iandikwe kubwa kwenye ubao na kila dereva aiseme kwa mdomo wake kabla ya kutoka. Pili, tafuteni namba za simu za vikosi au hata wakulima walioko upande ambao mgeuko unatokea, umbali wa kilomita 20, 40, 60, wawapigie mgeuko ukishawapitia. Kama mgeuko umemfikia jirani wa kilomita 40 na unasafiri kilomita 40 kwa saa, mna kama saa moja, lakini nyie fanyeni kama mna nusu yake. Mimi naamini hakuna kifaa chenye thamani kuliko hii simu moja. Tatu, kabla ya saa hiyo watu wote watoke kwenye ubavu utakaogeuka kuwa kichwa, wawe wameingia kwenye eneo lililokwisha kuungua kabisa au wako nje mbali. Sio wakiona dalili, kabla. Nne, tanki lisiishe maji hata siku moja, bakisheni maji ya kujilinda wenyewe, hata kama mwenye shamba anawapigia kelele mmalizie kipande chake.

Hatua ya 7: kupima mkiwa kwenye moto

Mtu mmoja apewe kazi hii na asipewe nyingine kama inawezekana. Anasimama mahali penye kuona, anapima kila saa, na siku mbaya kila nusu saa, anatangaza kwenye redio kwa mpangilio ule ule ili masikio yazoee: "Saa 8 na dakika 10, juu ya kilima upande wa magharibi, joto 31, unyevu 22, upepo unatoka kaskazini magharibi 18, mikupuo 30, mawingu yanajijenga magharibi." Kila gari lirudie unyevu na upepo kuonyesha wamesikia. Asiporudia mtu, aitwe tena.

Namba moja peke yake haisemi kitu, linganisha na ya saa iliyopita. Unyevu ukishuka pointi 5 ndani ya saa moja, upepo ukibadili upande hata kidogo, au ukitulia ghafla bila sababu, tangaza hapo hapo usisubiri saa ifike. Ule utulivu wa ghafla watu wanaushukuru wakati mara nyingi ndio mlango wa mgeuko.

Ili kamanda ajue ana muda kiasi gani, kuna hesabu ya harakaharaka kwa siku kavu yenye upepo: moto wa msituni unasonga kama asilimia 10 ya kasi ya upepo wa sehemu ya wazi, wa nyasi kavu kama asilimia 20. Upepo wa 40 unakupa moto wa kilomita 4 kwa saa msituni, kilomita 8 kwenye nyasi. Binadamu akitembea kawaida anaenda kama 5. Kwa hiyo mtu aliyeko mbele ya moto wa nyasi hawezi kuondoka kwa kutembea, na akipanda mlima hata kukimbia hakumsaidii. Hii hesabu ni ya kupangia tu, moto unaweza kuipita, na cheche zikiruka mbele zikawasha pengine hesabu yote inaanza upya.

Hatua ya 8: baada ya miali kuzimika

Siku nyingi moto unaotuumiza ni ule wa jana. Kabla ya kuondoka angalia utabiri wa kesho na keshokutwa, sio wa leo. Kama leo upepo ulikuwa unasukuma upande wa mashariki na kesho utatoka mashariki, basi magogo yanayofuka upande wa magharibi, yale ambayo leo hayakumsumbua mtu, ndio ya kumaliza kwanza. Weka mkono wazi karibu na majivu, usiguse, sikiliza joto, chimba, mwaga maji, koroga, rudia. Rudini kesho yake kuanzia saa 6 mchana, unyevu ukiwa umeshuka, manake asubuhi na umande kila kitu kinaonekana kimekufa.

Mkulima akija kuomba ushauri achome mabaki lini, mpimieni pale pale shambani kwake, mwangalie utabiri wa siku tatu mbele maana rundo likichomwa leo linakaa na makaa siku kadhaa, na kama kuna upepo mkali unakuja mwambieni asubiri. Atalalamika, mwelewesheni kwa upole na mwonyesheni daftari.

Na hilo daftari lijazwe jioni hiyo hiyo mkiwa bado na harufu ya moshi. Tarehe, saa, mahali, joto, unyevu, upepo na mikupuo, hali ya nyasi, mvua ya mwisho ilikuwa siku ngapi zilizopita, moto ulifanya nini, utabiri ulisema nini na kilichotokea ni nini. Mkiona kwamba kwenye bonde fulani upepo huwa unawahi nusu saa kuliko utabiri, au unyevu pale unashuka pointi 6 chini ya ule wa kituo cha mjini, andikeni kwa kalamu nyekundu kwenye ukurasa wa kwanza, ili anayeshika zamu kesho aanze kusoma hapo kabla hajawasha gari.